Mfarishi wa kisasa: kelele za kitenge, uwanja ulioachwa wazi na macho ya mshonaji

Mwonyeshe fundi cherehani wa Chikongola, pale Mtwara mjini, picha ya mfarishi wa kisasa, yaani shuka nene la kuunga vipande, kutoka Marekani, halafu msikilize. Uwanja mpana mweupe, vipande vinne vya rangi ya machungwa vimejibanza pembeni, kimoja kimekaa upogo, basi. Atauliza kama mshonaji aliishiwa kitambaa. Swali hilo si la ushamba hata kidogo. Ndilo swali lenyewe, na wengi wanaoeleza mifarishi ya siku hizi hulikwepa kwa kumwaga majina ya mitindo.

Jibu fupi ni kwamba ule weupe umepangwa kwa makusudi kama vile vipande vinne vilivyopangwa. Jibu refu linahitaji tujue mfarishi ni kitu gani, wabunifu wake walipita njia gani mpaka wakafika hapo, na kwa nini fundi wa Mtwara au Lindi mwenye kiroba cha mabaki ya vitenge ana kazi ngumu zaidi, na pengine ya kuvutia zaidi, kuliko yule wa kwenye picha.

Mfarishi una tabaka tatu. Juu kuna uso, wenye mapambo. Katikati kuna kijazo, iwe pamba, blangeti kuukuu au kitu kingine laini. Chini kuna mgongo, ambao mafundi wengi wangeuita bitana. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayotoboa zote tatu, kisha kingo hufungwa kwa upindo. Shuka la viraka lisilo na mishono hiyo ya kushikanisha ni ndugu yake wa karibu, ila si yeye.

Kwa hiyo kila mfarishi una michoro miwili iliyolaliana. Mmoja ni wa vipande vya uso na rangi zake. Wa pili ni wa mishono inayopita juu yake: mistari, mawimbi, miduara, chochote. Huu wa pili haukuzaliwa kwa ajili ya urembo. Pamba isiyobanwa hujikusanya mabonge inapofuliwa, na washonaji wa zamani hawakuwa na budi kupitisha mistari karibukaribu ili kuituliza. Usufi wetu ni mtundu zaidi. Unateleza, unakimbilia pembeni, na ndiyo maana unafaa mto kuliko shuka. Vijazo vya kiwandani vya sasa nyuzi zake zimeshikamanishwa, haziendi popote, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukaa mbali na mwenzake bila madhara. Shida ilipoondoka, mshono ukabaki na uhuru. Mshonaji wa leo anaweza kuacha sehemu moja ikiwa imetuna na kuijaza nyingine mistari mpaka ikawa ngumu kama mkeka, kwa sababu tu anapenda kivuli kinachopatikana pale.

Mikondo miwili inayochanganywa

Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika ukutani mifarishi ya zamani ya Kimarekani iliyokusanywa na Jonathan Holstein na Gail van der Hoof. Haikuchaguliwa kwa umri wala kwa wembamba wa mshono. Ilichaguliwa kwa sura. Mashuka yaliyokuwa yakifunika watu vitandani yaliinuliwa wima, yakaachiwa nafasi kubwa ya ukuta, na watu waliozoea kutazama michoro ya rangi isiyoonyesha mtu wala nyumba wakajikuta wanatazama kitu wanachokifahamu. Baadhi ya mifarishi iliyokuja kuthaminiwa sana kwa jicho hilo ni ya Waamish wa Pennsylvania, jamii ya Wakristo wanaoshikilia maisha ya kizamani: rangi tupu zisizo na maua, mraba mkubwa umesimamishwa kwa pembe katikati ya uwanja, na hakuna kingine.

Kutokea hapo kuna mkondo wa mfarishi wa sanaa, ule unaoshonwa ili utundikwe. Maonyesho ya Quilt National yalianza mwaka 1979 kwenye lililokuwa banda la ng'ombe wa maziwa huko Athens, jimbo la Ohio, na Nancy Crow alikuwa miongoni mwa walioyaanzisha. Crow alikuja kujulikana kwa kukata kitambaa bila rula, akiongozwa na jicho na mkono, mstari ukipinda akauacha.

Mkondo wa pili ni wa wanaojiita washonaji wa kisasa. Hawa wengi walikutana kwenye intaneti, wakaunda chama cha Modern Quilt Guild mwaka 2009 huko Los Angeles, na maonyesho yao makubwa, QuiltCon, yakafanyika mara ya kwanza mwaka 2013 huko Austin, Texas. Mifarishi yao imekusudiwa kutumika: kufunikia mtoto, kutandikwa kitandani, kufuliwa. Wanapenda rangi zisizo na maua, tofauti kali kati ya giza na mwanga, vipande vilivyokatwa kwa kukisia, mpangilio unaovunja safu za miraba, na uwanja mpana ulioachwa wazi. Pia hupenda kuchukua umbo la jadi na kulikuza mpaka likawa geni: nyota iliyokuwa ikirudiwa mara thelathini kwenye shuka la bibi inakuwa nyota moja, kubwa kiasi kwamba ncha zake zinatoka nje ya shuka.

Mikondo hii hukopana kila siku na wapo wanaoshona kote kuwili. Lakini ukiuliza “huu ni wa kisasa?” bila kujua unaulizia mkondo upi, mtabishana hadi magharibi.

Kitambaa ndicho kilichochora

Watu wakiulizwa msukumo wa kazi zao hutoka wapi, hupenda kutaja machweo, bahari, utoto. Si uongo, ila nadhani wanaruka hatua ya kwanza. Mfarishi mwingi umechorwa na kitambaa kilichokuwepo.

Ushahidi mzuri uko Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilichozungukwa na mto pande tatu. Wakazi wake ni uzao wa watumwa, na wengi wana jina la Pettway, la mwenye shamba aliyewamiliki babu zao. Kivuko chao kiliondolewa mwaka 1962, wakati Weusi wa eneo lile walipoanza kudai haki ya kupiga kura, na hakikurudi hadi 2006. Kijiji cha namna hiyo hakina duka la vitambaa. Wanawake walishona mifarishi kwa suruali za shambani zilizochakaa magotini, mashati, magunia. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mfarishi kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki. Rangi zake ni za nguo zenyewe, buluu na kahawia zilizopauka kwa jua na jasho, na pale palipokuwa na mfuko au kiraka rangi imebaki iliyokolea. Hakuna mbunifu ambaye angekaa mezani akachagua mpangilio ule.

Kisha mwaka 1972 ushirika wa ushonaji wa eneo hilo, ulioundwa mwaka 1966, ulipata kandarasi ya kampuni ya Sears kushona foronya za kodrai, kile kitambaa kinene chenye mifereji. Mabaki yakaenda nyumbani. Kodrai haikubali kukatwakatwa vipande vidogo. Mishono inakuwa minene, cherehani inagoma. Basi washonaji wakakata vipande vikubwa, na mifarishi ya kodrai ya Gee's Bend ikatoka na miraba mipana ya dhahabu, kijani na nyekundu iliyokaa kwa utulivu wa ajabu. Ukubwa ule unaosifiwa leo ulianza na sindano iliyoshindwa kupenya.

Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa Houston, kisha ikapelekwa Whitney, na mwaka 2006 kumi kati yake ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Mary Lee Bendolph, mmoja wa washonaji hao, amewahi kueleza kwamba mawazo anayapata kwa kutazama tu vitu vilivyo karibu na nyumba yake. Umbo wanalolipenda kuliko yote wanaliita paa la nyumba: kipande kimoja katikati, kisha vipande virefu vinakizunguka, mzunguko juu ya mzunguko. Tutalirudia, kwa sababu ni rahisi na linamfaa mtu mwenye mabaki.

Kiroba chini ya meza ya fundi

Sasa tuangalie mabaki ya kwetu. Chini ya meza ya fundi wa magauni, Mtwara, Lindi au Masasi, kuna kiroba. Kimwage sakafuni. Utaona vipande vya mwezi mchanga vilivyotoka kwenye shingo za magauni, pembetatu zilizojikunja za makwapani, tepe ndefu za pembezoni zenye maandishi ya kiwanda, na mara chache kipande kizuri cha kiganja mbili au tatu ambacho fundi alikiwekea matumaini. Vingi ni vitenge. Na kila kipande kinapiga kelele.

Kitenge kimechorwa ili kionekane kutoka ng'ambo ya barabara kikiwa kimevaliwa na mtu mzima. Ua lake linaweza kuwa kubwa kama sahani. Ukilikata kipande cha vidole vinne, ua halipo tena. Kimebaki kipande cha jani, nukta tatu na mkono wa rangi ya njano usiojulikana ulikotoka. Unganisha vipande mia vya hivyo na jicho halina pa kukaa. Hii ndiyo sababu mashuka mengi ya viraka vya vitenge, pamoja na uzuri wa kila kipande, yakitazamwa kwa mbali yanafanana yote.

Kuna dawa mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni ya ukubwa. Ama ukate kipande kikubwa ua libaki zima, ama ukate kidogo sana, upana wa vidole viwili, ili mchoro upotee kabisa na kipande kisomeke kama rangi tu. Saizi ya kati ndiyo inayoharibu, na kwa bahati mbaya ndiyo saizi ambayo kila mtu huikata.

Ya pili ni kuvipa vipande hivyo majirani wakimya. Hapa ndipo ule uwanja mweupe wa kwenye picha unapopata maana. Jicho hupima kitu kwa kukilinganisha na kilicho pembeni yake. Kitenge chekundu katikati ya vitenge vingine ishirini ni mmoja wa umati, lakini kikiwekwa peke yake kwenye uwanja wa rangi moja kinaonekana mpaka nyuzi zake. Uwanja ule hauko pale kujaza nafasi. Umbo la sehemu iliyoachwa wazi nalo huonekana kama umbo: likibanwa upande mmoja linasukuma vipande, likipanuliwa linavipa hewa, na mshonaji mzuri hulichora kwanza kabla ya vipande vyenyewe.

Watu wa Kusini hawahitaji kufundishwa jambo hili na Wamarekani. Kwenye vinyago vya Kimakonde, tofauti na vile vya ujamaa ambavyo watu hupandana wakajaza mti mzima, kuna mtindo unaoitwa mawingu. Mchongaji hutoboa mpingo mpaka ukawa na matundu na mikunjo inayopita, na tundu linahesabika kama sehemu ya kinyago. Ukikizungusha, tundu linabadilika sura. Mwenye kuelewa kinyago cha mawingu ameshaelewa nusu ya mfarishi wa kisasa.

Kitambaa cha uwanja hakihitaji kutafutwa mbali. Merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kinapokea vizuri rangi kali za kitenge kuliko weupe wa dukani unaong'aa. Jina lake lina historia yake: katika karne ya 19 viwanda vya Massachusetts vilileta marobota yake Zanzibar, na yakaingia bara kwa misafara, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo na vitambaa vya kutoka kwingine vikashika soko. Kaniki nayo, kwa weusi wake wa buluu, hufanya rangi za njano na machungwa ziwake. Ila ifue peke yake kwanza, mara kadhaa, mpaka maji yatoke safi; kaniki inayochuja rangi imeshaharibu kazi nyingi za watu. Poplini ya rangi moja pia inafaa na ni rahisi kuipata kwa mita.

Kiasi gani kiachwe wazi? Wapo wanaoacha robo tatu. Kwa vitenge mimi napenda karibu nusu ya uso, kwa sababu zaidi ya hapo vipande vinaanza kuonekana kama vimepotea njia.

Anayetumia kelele kama rangi

Kuna mtu mmoja anayevunja karibu yote niliyoyasema na bado anafaulu, naye ni Bisa Butler wa New Jersey, aliyezaliwa mwaka 1973. Baba yake ni wa Ghana, yeye alisomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Howard na aliwahi kufundisha sanaa shuleni. Anashona picha za watu, za ukubwa wa mtu halisi, nyingi akianzia kwenye picha za kale za Wamarekani Weusi, na vitambaa vyake ni pamoja na vitenge vya Afrika Magharibi, hariri na mahameli. Mwaka 2020 taasisi ya sanaa ya Chicago, Art Institute, ilifungua maonyesho ya kazi zake peke yake.

Siri yake iko kwenye giza na mwanga. Uso wa mtu anaweza kuushona kwa zambarau, kijani na nyekundu, rangi ambazo hakuna binadamu anazo, lakini pale penye kivuli pana kitambaa cheusi zaidi, na palipopigwa na jua pana kilichong'aa. Jicho linasoma mpangilio wa mwanga kwanza, rangi baadaye. Ndiyo maana uso unaonekana uso.

Hilo linaweza kujaribiwa bila kipaji chochote. Tandaza vipande vyako sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vipande vilivyoonekana tofauti kabisa, chekundu na kijani, mara nyingi vitakuwa kijivu kimoja. Hapo utajua kwa nini mchoro wako ulikuwa haujitokezi, na hutahitaji kununua chochote. Utabadilisha nafasi tu.

Vya kutazama huku kwetu

Nikishauri mtu wa Mtwara au Lindi atafute mchoro wake, nisingemwanzishia na picha za simu. Ningemwanzishia na mkeka.

Mkeka wa ukindu haufumwi mzima. Kwanza husukwa shupatu, ukanda mrefu mwembamba, kisha kanda hizo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Ni kazi ya kuunga vipande, sawa na uso wa mfarishi. Pakaribie mahali kanda mbili zinapokutana. Mstari mwekundu wa ukanda huu mara nyingi haukutani na mwekundu wa ule. Umeteleza kidogo, pengine upana wa kidole, na mtelezo huo ukirudiwa mkeka mzima unatoa mwendo wa mshazari ambao msukaji hakuuchora popote. Hamisha jambo hilo kwenye kitambaa: shona tepe za rangi tatu ziwe jamvi, likate kanda za upana sawa, kisha ziunge upya huku kila moja ukiisogeza vidole viwili chini ya mwenzake. Una mfarishi wa kisasa, na hakuna aliyekukopesha wazo.

Milango ya kuchongwa ya Mikindani inatoa somo jingine, la fremu nzito kuzunguka mahali patulivu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yana matao yanayofuatana, na tao ni umbo gumu kulishona kwa cherehani lakini likikamilika linatosha peke yake kubeba shuka. Kwa wapenda historia, Kilwa kulipatikana vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati kuwa vibonge vya kusokotea uzi. Pamba ilisokotwa hapo karne nyingi kabla ya cherehani. Halafu kuna mabibo. Msimu wa korosho, njano na nyekundu zinazoning'inia na korosho ya kijivu chini yake ni mpango wa rangi ambao watengenezaji wa vitambaa wangelipia.

Kosa la kawaida ni kutaka kushona kitu kizima: mlango mzima, mkorosho mzima na majani yake. Chukua kitu kimoja tu kutoka kwenye ulichokiona. Pembe. Mdundo wa mistari. Uwiano wa rangi, mathalani njano nyingi, nyekundu kidogo, kijivu chembe. Kingine chote kiache huko huko.

Na kuna vya kuviacha kabisa. Mistari ya chale za Wamakonde wa zamani inavutia macho, najua, na wageni wengi wameipiga picha. Lakini mambo ya jando na unyago yana wenyewe, na mengine hayasemwi mbele ya ambaye hajafundwa. Kuyashona kwenye mto wa kuuzia watalii ni utovu wa adabu. Kama huna uhakika, muulize somo au bibi wa nyumba kabla hujakata kitambaa.

Paa la nyumba, kwa vipimo

Anza na kipande cha mraba cha sentimita 12. Ukiacha akiba ya mshono ya robo tatu ya sentimita kila upande, kikishaungwa kitabaki sentimita 10.5. Kata tepe za upana wa sentimita 6.5, kila moja itabaki 5. Zungushia tepe nne na umbo linaongezeka sentimita 10: limekuwa 20.5. Mzunguko wa pili, 30.5. Wa tatu, 40.5. Maumbo sita ya namna hiyo, mawili kwa matatu, yanatoa uso wa sentimita 81 kwa 121.5, ambao unakaa juu ya kanga moja ya kawaida na kubakiza pembeni.

Piga pasi kila baada ya mshono mmoja, usisubiri mwisho. Katika kila umbo fanya mzunguko mmoja mzima uwe wa merikani au kaniki, na usiuweke mahali pamoja kwenye maumbo yote. Hilo la mwisho ndilo linaloliondoa shuka kwenye ujadi: uwanja mtulivu unaanza kusafiri kutoka umbo hadi umbo badala ya kukaa safu. Ukitaka kwenda mbali zaidi, weka rula pembeni ukate tepe kwa jicho, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, kisha nyoosha umbo likishakamilika tu. Tepe zikipinda kidogo zinaonekana kosa. Zikipinda vya kutosha zinaonekana uamuzi.

Kanga ya mgongoni iwekwe jina likiwa katikati, lisomeke mtu akigeuza shuka. Kanga yenyewe, kwa historia inayosimuliwa sana, ilianza kwa wanawake wa pwani kununua leso zikiwa bado kwenye jora na kuziunga mbili kwa tatu kupata nguo moja, kwa hiyo haitashangaa kuunganishwa tena. Piga bandi tabaka zote kabla ya kushona, zisihame.

Joto

Fundi wa Chikongola ana swali la pili, na ni halali kuliko la kwanza: nani atalala chini ya tabaka tatu Mtwara mwezi wa Januari?

Jibu zuri kuliko yote nimeliona kwa Wasidi wa jimbo la Karnataka, India. Hawa ni uzao wa Waafrika, wengi wao wakiwa ni watu waliochukuliwa upande huu wa bara, ikiwemo Msumbiji, wakapitishwa Goa enzi za Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi. Hawatengenezi umbo dogo kisha wakaliunga na mengine. Hutandaza sari kuukuu kama mgongo, wakaanza pembeni, wakibandika viraka na kuvishona kwa mkono kuelekea katikati, mzunguko kwa mzunguko, mshono uleule ukiunga kiraka na kushikanisha tabaka kwa mara moja. Kijazo cha kiwandani hakihitajiki. Nguo kuukuu inatosha. Kwenye pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa vinavyoitwa maua, na kawandi isiyo na maua huhesabika iko uchi. Waislamu miongoni mwao huweka pengine mwezi mchanga, Wakristo msalaba.

Njia hiyo inaifaa pwani yetu kuliko ile ya vitabu vya Marekani. Haihitaji cherehani wala umeme, inameza miezi michanga ya shingo za magauni bila kulazimika kuinyoosha iwe miraba, na inatoa shuka jepesi linalokauka kwa mchana mmoja. Kwa nyumba ya Shangani au Kilwa Masoko, weka kanga kuukuu mgongoni na viraka juu, usitie kitu katikati. Kwa Newala, kule juu kwenye uwanda ambako usiku wa Juni na Julai watu hutafuta sweta, weka blangeti lililochakaa katikati na uongeze mistari ya mshono, usizidishe upana wa vidole vinne kati ya mstari na mstari. Na kama ni wa kutundikwa ukutani, ushonee mfuko mwembamba juu kwa nyuma upitishwe ufito, uuweke mbali na dirisha linalopokea jua la jioni, na uushushe mara kwa mara uuanike kivulini, maana unyevu wa chumvi wa huku hauchagui kati ya sanaa na shuka.